Kirukia: kikatwe mwembeni, mlimani kiachwe?

Mwanza, mtu akiona kirukia, mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine, anatafuta panga. Mwenye miembe ana haki ya kukasirika. Mmea huo hujitengenezea chakula kwa majani yake, ila maji na madini huyanyonya kwenye tawi la mwenyeji, tena hauyabani hata kiangazi. Tawi hudumaa kuanzia pale ulipojishika hadi nchani, kisha hukauka.

Shida ni ukataji wenyewe. Ukifyeka majani tu, mzizi unabaki ndani ya mti na kirukia huchipua upya. Tawi likatwe kwa msumeno sentimita 30 au zaidi chini ya kilipojishika, kabla hakijazaa. Kikiwa kwenye shina, kikatwe sawa na gome, pafungwe nailoni nyeusi isiyopitisha mwanga kwa mwaka mmoja hadi miwili, ikichanika, ibadilishwe. Dawa ya magugu usijaribu, mwembe nao utainywa.

Wanaosema "kiacheni" huchekwa bure. Hawasemi miembe, wanasema migunga ya kwenye vilima vya mawe, ambako hakuna anayevuna kitu. Australia, watafiti waliondoa virukia kwenye vipande vya msitu, na ndani ya miaka 3 aina za ndege zikapungua kwa wastani wa asilimia 20.9. Yaani katika kila aina tano, moja imetoweka, na miti yote bado imesimama! Ajabu zaidi, walioathirika sana si ndege wanaokula matunda ya kirukia bali wanaokula wadudu, hasa wanaochakura chini. Kirukia hudondosha majani yakiwa bado na rutuba, udongo unashiba, wadudu wanazaana. Ndege wa huko si wetu, sawa, lakini majani ya virukia vyetu nayo huanguka vivyo hivyo. Na maua yake hapa ni chakula cha ndege aitwaye chozi.

Je, mbegu za mlimani hazitafika shambani? Zitafika: zina ulimbo, na ndege huzibandika tawini anapojisafisha. Ila ndege hufuata matunda, kwa hiyo mbegu nyingi huangukia mti ambao tayari una kirukia. Chanzo kikubwa ni mwembe wako mwenyewe, si mgunga wa jirani.

Tena mgunga ukipukutika, kirukia huonekana toka mbali. Mwembe haupukutiki, simama chini ya shina, tazama juu, tafuta kifundo tawini na jani lisilofanana na mengine.