Chambo katika uwindaji: sheria inakataza nini, na kwa nini

Katika miombo ya upande wa Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, niliwahi kuoneshwa shimo chini ya mti wa mninga, kina chake kama cha sufuria ya kupikia ugali wa watu wanane. Halikuchimbwa kwa jembe. Mtu alimwaga chumvi hapo, mvua ikaiyeyusha ikazama ardhini, kisha pongo, funo na nguruwe pori wakaja kulamba usiku baada ya usiku mpaka udongo wenyewe ukaliwa. Hatua kama thelathini kutoka hapo lilisimama dungu la miti, na halikuwa la kulindia mahindi, kwa kuwa karibu hapakuwa na shamba lolote. Aliyelijenga alikuwa akimngoja mnyama ajilete.

Hicho ni chambo, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakitaja pamoja na sumu, nyavu, mitego na mashimo miongoni mwa njia za uwindaji zilizokatazwa, ila kwa kibali cha maandishi. Wengi wanajua kwamba kuwinda bila leseni ni kosa. Wanaojua kwamba mwenye leseni halali, bunduki halali na mnyama aliyeandikwa kwenye leseni hiyo bado anaweza kuvunja sheria kwa namna alivyompata mnyama huyo ni wachache mno, na sidhani kwamba lawama yote ni yao, kwani leseni husomwa kwa makini kuliko masharti yanayoandamana nayo.

Wanaotetea chambo wana hoja nzito. Miombo ni msitu unaoficha. Mnyama huonekana sikio na kipande cha mgongo, kisha hayupo. Mwindaji anayefyatua risasi katika hali hiyo hujeruhi mara nyingi kuliko anavyoua, na pongo aliyepigwa tumboni huenda kufia mahali ambapo hatapatikana ila na fisi. Penye chambo mnyama husimama, hugeuka ubavu, na mwindaji hupata muda wa kutambua kama ni dume au jike, mzima au mwenye mimba. Ndiyo maana hata katika vitalu vya uwindaji wa kitalii chui huwindwa kwa paja la swala lililofungwa juu ya tawi: anayeruhusiwa kuwindwa ni dume peke yake, na chui hamwachii mtu nafasi ya kumkagua akiwa anapita. Hapo kibali hakipingani na katazo. Sheria imekiri kwamba chambo kikiwa chini ya usimamizi huweza kumwokoa jike.

Mara nyingi hoja hiyo hujibiwa kwa kusema kwamba kumvizia mnyama anayekula si haki, kwamba mwindaji wa kweli hufuata nyayo. Naiheshimu kauli hiyo, lakini haitoshi kuwa msingi wa sheria. Mtu anayetafuta kitoweo cha watoto hawezi kuambiwa achague njia ngumu kwa sababu ina heshima zaidi. Tena kuvuta windo si dhambi yenyewe: wavuvi wa Kigoma huvua dagaa wa Ziwa Tanganyika kwa taa, na hakuna anayewaona wadanganyifu.

Sababu yenye nguvu iko kwenye udongo ule uliolambwa. Mate, mkojo na kinyesi cha wanyama ambao kwa kawaida hawali pamoja hukusanyika mahali pamoja. Nchini Marekani, ambako mjadala huu umechacha zaidi kwa ajili ya kulungu, jambo hilo ndilo lililobadilisha sheria. (Kulungu wa kweli, wale ambao pembe zao huanguka na kuota upya kila mwaka, hawana asili katika nchi yetu, jina hilo sisi tumewapa swala wetu wa msituni.) Mwaka 1967, katika jimbo la Colorado, ulitambuliwa ugonjwa unaowakondesha kulungu mpaka wafe. Husababishwa na protini zilizoharibika ziitwazo prioni, hauna tiba wala chanjo, na prioni zikishaingia ardhini hukaa miaka. Kila jimbo lina sheria yake. Texas huruhusu mahindi yamwagwe kwenye ardhi ya mtu binafsi. Michigan, ambayo pia imehangaika na kifua kikuu cha ng'ombe miongoni mwa kulungu wake, mwaka 2019 ilipiga marufuku chambo katika rasi yake ya kusini, ikawaachia nafasi wawindaji wenye ulemavu katika misimu maalumu. Rasi ya kaskazini ilibaki na ruhusa ya galoni 2, yaani kama lita 7.5, zaidi kidogo ya theluthi ya debe.

Ugonjwa huo si wetu, lakini kimeta tunakijua. Vijidudu vyake hujifunga kama mbegu na kulala ardhini miaka mingi, huku ng'ombe wa Tabora wakichungwa katika misitu ileile wanamopita pongo. Shimo la chumvi halichagui wa kulilamba. Kwangu mimi hili linatosha kuwa sababu ya katazo kwa wanyama wala majani, na linaonesha pia kwa nini chui ni suala jingine: huyo huja peke yake.

Penye utata mkubwa ni mpaka wa neno lenyewe. Mkulima wa Urambo aliyepanda mahindi, akakaa kwenye dungu lake usiku kuwafukuza nguruwe, hajaweka chambo. Mahindi ni chakula chake, nao ndio waliomfuata. Sheria pia inamtambua mtu anayeua mnyama katika kulinda uhai au mali, ingawa atapaswa kutoa taarifa na mzoga huhesabika kuwa nyara ya serikali. Lakini vipi akivuna, akaacha makusudi mistari miwili bila kukatwa, akarudi na bunduki? Majimbo mengi ya Marekani yamelitatua kwa kutenganisha mazao yaliyoota hapohapo kwa kilimo cha kawaida na nafaka iliyoletwa ikamwagwa. Ningependa kanuni zetu ziseme hivyo waziwazi, kwa sababu bila mstari huo mkulima mwaminifu na mwenye hila husimama mbele ya askari wanyamapori mmoja, na uamuzi hutegemea asubuhi ya askari huyo ilivyoanza.

Kuna pia suala la mipaka ya hifadhi. Ugalla, iliyokuwa pori la akiba lenye vitalu vya uwindaji, imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla tangu mwaka 2019, na jirani zake ni maeneo ya jumuiya za vijiji kama Uyumbu na Ipole. Chumvi ikimwagwa karibu na mpaka humtoa mnyama mahali asipoguswa na kumleta anapopigwa. Anayeifanya kazi hiyo hajavuka mpaka hata hatua moja, ila amewinda ndani ya hifadhi.

Wapo wanaopendekeza kipimo cha muda, kama kanuni ya Marekani ya ndege wahamao, ambako eneo huhesabika kuwa lina chambo mpaka zipite siku 10 tangu chambo chote kiondolewe. Kwa nafaka ni kipimo kizuri, maana huokoteka. Chumvi haiokoteki. Lile shimo la Sikonge nililipitia tena baada ya masika, dungu likiwa limeshaanguka na hakuna aliyeongeza hata punje, na kingoni mwake palikuwa na nyayo mbichi za pongo. Kwa mahali kama hapo kipimo kinachofaa ni umbali wa kutofyatua risasi, si hesabu ya siku.