Paundi 26 au hesabu ya vyumba? Gharama za nyumba kwa aliyejiajiri Uingereza

Aliyejiajiri Uingereza na kufanyia kazi nyumbani ana njia mbili za kutoa gharama za nyumba kwenye mapato yake kabla ya kutozwa kodi. Ya kwanza ni kiwango cha serikali kinachofuata saa za kazi nyumbani kwa mwezi: paundi 10 kwa saa 25 hadi 50, paundi 18 kwa saa 51 hadi 100, na paundi 26 kuanzia saa 101. Ya pili ni kupiga hesabu ya gharama halisi na kutoa fungu la biashara.

Kiwango cha serikali hakidai bili. Daftari la saa linatosha. Ila hakijapanda tangu kianze Aprili 2013, na kodi za pango za leo si za mwaka ule.

Tuseme mpangaji analipa pango la paundi 1,100 kwa mwezi, kodi ya halmashauri 140, gesi na umeme 150. Kwa mwaka ni 16,680. Nyumba ina vyumba vinne, ukiacha jiko na bafu, na kimoja ndicho ofisi: robo ni 4,170. Chumba hicho hutumika saa 60 kwa wiki, 40 za kazi, zilizobaki watoto wanadurusu humo. Theluthi mbili ni 2,780. Kwa kiwango cha serikali angetoa 312 tu. Tofauti ni 2,468, na kwa anayetozwa kodi ya asilimia 20 na mchango wa bima ya taifa wa asilimia 6, anabakiwa na paundi 640 hivi zaidi mfukoni. Hizo zinastahili jioni moja ya kupanga bili.

Mwenye nyumba aliyekwisha lipa mkopo, kwa bili hizohizo bila pango, angetoa 580. Nafuu yake juu ya kiwango ni kama paundi 70. Achukue kiwango alale. Anayeendelea kulipa mkopo huhesabu riba peke yake, na hapa wengi huteleza: huingiza malipo yote ya mwezi, pamoja na marejesho ya deni lenyewe.

Mwenye nyumba ana hatari nyingine. Chumba kikiwa cha biashara pekee, siku ya kuuza nyumba fungu hilo linaweza kukosa msamaha wa kodi ya faida ya mauzo. Ndiyo maana chumba chenye matumizi ya familia pia, kama cha yule mpangaji, ni salama zaidi hata kama kinapunguza makato.

Simu na intaneti hazimo katika kiwango. Fungu lake la biashara hutolewa kando kwa njia zote mbili. Asiyefikisha saa 25 kwa mwezi hapati kiwango, lakini gharama halisi bado anaruhusiwa. Na aliyechagua msamaha wa paundi 1,000 za mapato ya biashara asitoe gharama yoyote tena.

Kuna pia wakati wa kutoa kidogo kwa makusudi. Benki ikikagua ombi la mkopo wa nyumba, au idara ya uhamiaji ikikagua ombi la kumleta mwenzi, kinachotazamwa ni faida iliyotangazwa kwenye ritani. Anayekaribia kima cha chini kinachotakiwa apime kwanza kama paundi 640 zinafaa kumwangusha chini ya mstari.