Cis si uvivu, acheni kuwakata wanafunzi alama

Jumamosi iliyopita kijana wa dada yangu alinijia Umoja, karatasi ya mtihani imekunjwa mara nne mfukoni. Yuko mwaka wa kwanza wa uhandisi katika chuo kimoja hapa Nairobi. Chai hakuigusa. Aliikunjua karatasi mezani, akaweka kidole kwenye swali la tatu. "Mjomba, hapa nimekosea wapi?"

Swali lilitaka mizizi yote mitano ya 32i, namba changamano ambayo i yake ni mzizi wa pili wa -1. Alikuwa ameandika 32i = 32 cis 90°, cis ikiwa kifupi cha kuandikia namba kama hiyo kwa urefu na pembe yake. Mzizi wa tano wa 32 ni 2. 90° kugawanya kwa tano ni 18°. Kisha akaenda akiongeza 72°, yaani 360° kugawanya kwa tano, hatua kwa hatua: 2 cis 18°, 2 cis 90°, 2 cis 162°, 2 cis 234°, 2 cis 306°. Nilikagua mara mbili nikitafuta kosa, sikuliona. Kalamu nyekundu ilikuwa imezungushia kila cis duara, na pembeni imeandikwa: "Hii ni nini?" Amekatwa alama nne kati ya kumi.

Nimekasirika, na hasira haijaniisha, kwa sababu cis hiyo nilimfundisha mimi.

Cis θ ni cos θ + i sin θ, basi. Mwanahisabati William Rowan Hamilton aliitumia katika kitabu chake cha 1866, kwa hiyo si kitu kilichozuliwa juzi na vijana wa simu. Tena hapa hapa Nairobi, mtoto anayefanya mtihani wa IB, ule mtaala wa kimataifa, huingia na kijitabu cha fomula ambamo r cis θ imechapishwa waziwazi. Mwenzake aliyetoka shule ya kutwa, akaifikia namba changamano kwa mara ya kwanza chuoni, anaandika alama ile ile na anakatwa. Hilo linaniuma kuliko zile alama zenyewe.

Lakini hebu tuseme la maana. Namba changamano zikizidishwa, urefu huzidishwa na pembe hujumlishwa. Ukipandisha kwa kipeo cha n, pembe inazidishwa kwa n. Hiyo ndiyo kanuni ya De Moivre. Ukiandika cis, pembe inasimama peke yake machoni pa mwanafunzi. Mpe (1 + i) kwa kipeo cha 10. Ni √2 cis 45°. Inakuwa 32 cis 450°, yaani 32 cis 90°, yaani 32i. Mstari mmoja, na kila hatua inaonyesha wazo. Mlazimishe aandike kwa kirefu, uone. Miaka tisa nimefundisha masomo ya jioni, na nimewaona wanaojua kanuni vizuri kabisa wakiitazama ile mabano yenye kosaini na saini ndani, wanashikwa na woga, wanaanza kuifungua mara kumi kwa mkono. Wengine wanarudi kwenye fomula za kujumlisha pembe, wanajaza ukurasa, kengele inalia. Mtihani ulitaka kujua kama wameelewa kwamba pembe hujumlishwa. Umeishia kupima nani ana mkono mwepesi wa kunakili.

Na mbona e^(iθ), ambayo ni sawa kabisa na cis θ, inakubaliwa? Ni fupi zaidi, na mwaka wa kwanza wengi wanaiandika bila kujua imetoka wapi. Ghorofa ya juu ya jengo lile lile, wahandisi wa umeme wanaandika 2∠18° na kutumia j badala ya i, hakuna anayewauliza hii ni nini. Tan yenyewe ni saini kugawanya kwa kosaini iliyofupishwa. Hata alama ya usawa (=), mwanahisabati Robert Recorde aliileta mwaka 1557 kwa kuwa alichoka kurudia maneno "ni sawa na".

Kuna jambo moja nitawakubalia wahadhiri, ingawa kwa shingo upande. Mwanafunzi anayeandika cis huku hawezi kuifungua hajajua kitu, na swali likitaka jibu la umbo la a + bi, basi lazima amalize. Pia ni haki aandike mara moja juu ya ukurasa kwamba cis θ = cos θ + i sin θ. Kijana wetu hakuandika. Kama ni alama moja ya hilo, sawa, ichukueni. Nne, hapana! Alama za mbinu hutolewa kwa mbinu, na mbinu ilikuwa pale, kila mtu anaiona. Kama idara haitaki cis, iandike kwenye karatasi ya maswali kabla ya mtihani, si kwa kalamu nyekundu baada yake.

Jumatatu ataenda kuomba isahihishwe upya. Nilimwambia kabla ya kwenda aandike swali lote kwa kirefu, ili akiulizwa aonyeshe kwamba anaweza. Akakaa pale mezani, ameinama, anaandika cos, anaandika sin, anafunga mabano, anaanza tena. Yale majibu matano niliyoyasoma kwa mtupo mmoja wa jicho sasa yalikuwa yamejaza nusu ukurasa. Nilipoichukua kukagua, mzizi wa nne ulisomeka 2(cos 234° + i sin 243°). Yeye mwenyewe hakuwa ameona.