Mwacheni mgonjwa achague

Mama yangu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Kwa wiki kadhaa mazoezi yake yalikuwa yale yale: kutoa vijiti vya plastiki tundu hili na kuvichomeka tundu lile. "Kunja kidole. Nyoosha. Kunja tena." Akifika kijiti cha tano, macho yameshahamia dirishani. Nyumbani tukaanza kusema mama amekata tamaa.

Akaja mtaalamu mwingine wa mazoezi, binti mdogo tu. Akamwamkia, akaketi naye mkekani, akauliza: "Mama, kabla hujaumwa, mkono huu kazi yake kubwa ilikuwa nini?"

"Kuchagua mchele, mwanangu. Na kusuka ukili."

Kesho yake tukaleta ungo. Walianza na maharage, maana punje ya mchele ilikuwa ndogo mno kwa vidole vile. Baadaye choroko, kisha mchele wenyewe. Nilikaa pembeni nikitazama kidole gumba kinavyotetemeka kuifuata chuya moja, kinaikosa, kinairudia, mpaka akainasa na kuitupa kando. Nusu saa nzima hakuinua macho. Wala hakuna aliyemwambia akunje kidole.

Nikaanza kusoma. Mwaka 2016 Gabriele Wulf na Rebecca Lewthwaite, watafiti walioko Marekani, walitoa nadharia waliyoiita OPTIMAL, inayofunga hamasa na umakini katika fungu moja. Wanasema mtu hujifunza mwendo vizuri zaidi anapopewa nafasi ya kujiamulia, na fikra zake zinapokuwa kwenye kile anachotaka kitokee, si kwenye kiungo chenyewe. Mama alikuwa anafikiria chuya, si kidole. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wao na wenzao walionyesha kwamba watu walioruhusiwa kuchagua rangi ya mpira wa gofu tu walijifunza kulenga vizuri kuliko waliopangiwa rangi. Ikiwa rangi ya mpira inaleta tofauti, sembuse kazi ambayo mtu ameifanya tangu usichana wake!

Najua hofu ya wataalamu: mgonjwa akiachiwa atachagua kilicho rahisi. Lakini yule binti hakuacha kazi yake. Mama alichagua ungo. Binti alipanga maharage yatangulie, alipanga muda, alipanga mama aketi vipi. Na asiyeweza kujieleza anaweza kuwekewa vitu viwili mbele yake akaonyesha kimoja kwa macho. Kanada wana utaratibu wa mahojiano uitwao COPM, uliotoka mwaka 1991, ambao huanza kwa kumtaka mgonjwa ataje mwenyewe shughuli anazotaka kuziweza, kisha ajipe alama. Maswali kama hayo hayahitaji mashine wala bajeti.

Linaloniuma zaidi ni letu sisi wa nyumbani. Mgonjwa akishalala tu, tunamwamulia yote: ale nini, avae kanga ipi, aoge saa ngapi, na tunaita mapenzi. Mtu asiyeulizwa lolote tangu asubuhi, jioni tunamlaumu kwamba hana ari ya mazoezi.

Juzi nilimpelekea mama mchele uliokobolewa kiwandani, mweupe, hauna hata chuya moja. Akautikisa kwenye ungo, akaurudisha mfukoni, akaniambia nikamtafutie wa sokoni.