Verdicchio Iliyokomaa Haijaharibika

Wiki iliyopita, katika hoteli moja ya Malindi, nilishuhudia chupa za Verdicchio dei Castelli di Jesi Riserva, divai nyeupe ya Italia iliyohifadhiwa muda mrefu kabla ya kuuzwa, zikitolewa kabatini na kupelekwa jikoni kupikiwa mchuzi wa kamba, kwa maelezo kwamba divai nyeupe ikishafika miaka mitano imekwisha. Agizo hilo lilitolewa na msimamizi wa vinywaji, katika mji ambao Waitaliano wamefanya makazi na biashara kwa miongo mingi, na ambao vijana wake wengi huzungumza Kiitaliano bila kubabaika. Nilikasirika, na hasira hiyo haijanitoka, kwa sababu chupa zile ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kunoga.

Verdicchio ni zabibu ya mkoa wa Marche nchini Italia, baina ya milima ya Apennine na Bahari ya Adriatiki. Sehemu kubwa ya mashamba yake imo katika vilima vinavyouzunguka mji wa Jesi, karibu na Ancona, kwenye vijiji kama Cupramontana na Staffolo. Nyingine hutoka Matelica, ndani zaidi, katika bonde linaloelekea kaskazini na kusini ilhali mabonde mengine ya mkoa huo hufunguka kuelekea baharini. Upepo wa bahari haufiki huko kwa urahisi, usiku ni wa baridi, na zabibu huchelewa kuiva huku zikihifadhi uchachu mkali.

Uchachu huo ndio kiini cha hoja yangu. Anayesema kwamba divai nyeupe haiwekeki hajajiuliza ni kitu gani kinachoifanya divai yoyote idumu. Nyekundu husaidiwa na tanini, yaani ukakasi wa maganda ya zabibu. Verdicchio hutegemea uchachu ambao zabibu yake hubaki nao hata inapoiva barabara, pamoja na uzito unaouhisi mdomoni baada ya kumeza. Ikiwa changa, ina harufu ya ndimu, tufaha bichi na maua, kisha huacha uchungu mdogo wa lozi kwenye ncha ya ulimi. Ikishakaa, haipotezi hayo yote, bali huyageuza. Niliwahi kufunguliwa chupa ya Matelica iliyokaribia miaka kumi: rangi ilikuwa imetoka kwenye ukijani na kuwa dhahabu, na mwanzoni haikutoa harufu ya maana, lakini ilipopata hewa kidogo kwenye glasi zikaja asali, shamari na nyasi kavu, na chini yake lozi ileile, sasa kama iliyokaangwa. Uchachu ulikuwa bado umesimama wima. Ni divai gani iliyokufa inayoweza kufanya hivyo? Sheria za Italia zenyewe zinaitambua sifa hii, kwani tangu mwaka 2010 Riserva za Jesi na za Matelica zina daraja la DOCG, lililo juu kabisa nchini humo, na haziruhusiwi kuuzwa kabla ya kuhifadhiwa kwa muda usiopungua miezi 18. Mkulima amengoja, sheria imengoja, kisha sisi tunaimwaga sufuriani.

Najua dharau hii ilikoanzia. Mwaka 1953 kampuni ya Fazi Battaglia ilitoa Verdicchio katika chupa yenye umbo la mtungi wa kale, iliyobuniwa na msanifu Antonio Maiocchi, na chupa hiyo ikatambulika duniani kuliko divai iliyokuwa ndani yake. Sikatai kwamba bila chupa hiyo huenda wengi wetu tusingelisikia jina la Jesi. Hata hivyo, watu walizoea kuiona Verdicchio kama kinywaji chepesi cha likizo ya ufukweni, cha kunywewa mwaka uleule, na mazoea hayo yamewashinda hata wakulima waliopunguza mavuno ili wapate zabibu bora.

Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba Verdicchio ya kawaida isiyo Riserva hunyweka vizuri ikiwa changa, hasa kwa samaki wadogo wa kukaanga. Barafu ndani ya glasi siikubali kwa hali yoyote.

Kwa upande wa chakula, watu wa Ancona wana brodetto, mchuzi wenye nyanya na siki ambao kwa desturi hutiwa aina 13 za samaki. Siki hiyo huiua divai laini, lakini uchachu wa Verdicchio huikabili bila kutetereka. Wana pia samaki mkavu anayepikwa polepole kwa viazi, nyanya na mafuta mengi ya zeituni, na sungura anayeokwa kwa shamari mwitu, ambaye kwake ningechagua chupa iliyokomaa kabla ya divai nyekundu yoyote.

Kwa hiyo nawaomba wenye hoteli za pwani yetu wazilaze chupa hizo mahali penye giza na ubaridi wa wastani, mbali na joto la jiko, na wazitoe kwa nyuzi 12 hivi badala ya kuzigandisha. Mgeni akiagiza samaki wa kupaka, apewe Riserva yenye umri, kwa sababu tui zito linahitaji divai yenye uzito wa kulistahimili na uchachu wa kuusafisha mdomo kabla ya tonge linalofuata.