Mjumbe hauawi, ila kwa Stalin

Wazee wetu walisema mjumbe hauawi. Kila nisomapo habari za Solomon Mikhoels na wenzake, methali hiyo hunichoma.

Mwaka 1943 Mikhoels, mwigizaji mashuhuri wa Kiyahudi mjini Moscow, na mshairi Itzik Feffer walitumwa na serikali ya Kisovieti kwenda Marekani, Mexico, Kanada na Uingereza. Walitumwa, hawakujipeleka. Kazi yao ilikuwa kuwaomba Wayahudi wa huko wachangie vita dhidi ya Hitler. New York walisikilizwa na watu wapatao 50,000, na michango ikamiminika.

Vita vikaisha, na safari ileile ikageuzwa kosa. Januari 1948 makachero wa serikali walimuua Mikhoels mjini Minsk, wakaitupa maiti barabarani ionekane amegongwa na lori. Kisha serikali hiyohiyo ikamzika kwa heshima zote. Hapo huwa nafunga kitabu kwanza.

Kamati ya Wayahudi ya Kupinga Ufashisti, aliyokuwa akiiongoza, ikavunjwa, gazeti lake la Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, likafungwa, na baadaye jumba la maigizo la Mikhoels. Magazeti yakawaita Wayahudi watu wasio na kwao, ilhali ndugu zao walikuwa wamekufa wakiwa na sare za Jeshi Jekundu.

Mwaka 1952 watu 15 waliohusishwa na kamati hiyo walishtakiwa kwa siri. Hata kuandika kwa Kiyidishi, lugha waliyonyonya kwa mama zao, kulifanywa ushahidi wa uadui. Mimi ninayeandika Kiswahili bila kumwogopa mtu, jambo hilo linaniuma kuliko yote. Leib Kvitko, mmoja wa washtakiwa, alikuwa akitunga mashairi ya watoto!

Wapo wanaosema huo ulikuwa wazimu wa mzee mmoja, Stalin, mtawala wa Kisovieti. Sikubali. Jaji Alexander Cheptsov aliona kesi haina mashiko, akaomba uchunguzi urudiwe. Wakubwa wakakataa, naye akawahukumu kifo watu 13. Hakuwa mwendawazimu, alijua anachokifanya. Feffer naye alikuwa amewapelekea makachero habari za wenzake kwa miaka, na haikumwokoa. Tarehe 12 Agosti 1952 alipigwa risasi pamoja nao, wakiwamo waandishi wengine wanne wa Kiyidishi.

Mapema 1953 mke na watoto wa mmoja wa waandishi hao, Peretz Markish, walipelekwa uhamishoni Kazakhstan. Hakuna aliyewaambia kwamba yule tayari ni mjane na wale ni mayatima. Walikuja kuelezwa mwaka 1955.