Kelele za Ndege: Kalamu Kwanza, Kompyuta Baadaye

Mhandisi wa leo akitaka kujua injini mpya ya ndege itapiga kelele kiasi gani, hasubiri iundwe. Huiunda kwanza ndani ya kompyuta. Naipenda kazi hiyo, lakini naona wanafunzi wengi wa uhandisi wanaziamini mno zile picha za rangi zinazotokea kwenye skrini.

Shida ni kwamba sauti ni kitu kidogo sana. Kanieneo ya hewa tunayovuta, usawa wa bahari, ni takriban paskali 101,000. Kelele ya desibeli 120, inayoumiza masikio, huitikisa kwa paskali 20 tu. Kosa dogo la ukokotoaji, ambalo kwa anayetafuta msukumo wa injini si kitu, laweza kuwa kubwa kuliko sauti yenyewe. Hata ukingo wa eneo unalolikokotoa, usipoushughulikia vizuri, hurudisha mawimbi ndani, nawe ukapima mwangwi ambao haupo popote.

Ndiyo maana namheshimu sana James Lighthill, mwanahisabati Mwingereza. Mwaka 1952, akiwa Chuo Kikuu cha Manchester, alichukua milinganyo ileile ya mwendo wa hewa na kuipanga upya: upande mmoja mawimbi ya sauti katika hewa tulivu, upande wa pili msukosuko wote unaoyazaa. Hakuongeza wala hakupunguza kitu. Kutoka hapo aligundua kwamba nguvu ya kelele ya gesi inayochomoka nyuma ya injini hufuata kasi yake ikipandishwa kwa kipeo cha nane. Punguza kasi kwa nusu, kelele hupungua mara 256, yaani desibeli 24. Msukumo uleule utaupata kwa kusukuma hewa nyingi zaidi, polepole zaidi. Feni pana za injini za sasa zililetwa hasa na haja ya kuokoa mafuta, ila kanuni hii ndiyo inayoeleza kwa nini zilileta na utulivu.

Feni nayo ina mlio wake. Mwaka 1962 wahandisi Tyler na Sofrin walionyesha kuwa ukichagua vizuri idadi ya mapanga yanayozunguka na ya yale yasiyozunguka nyuma yake, sehemu kubwa ya mlio hufifia ndani ya bomba linaloizunguka feni kabla haijatoka nje. Hesabu ya kujumlisha na kutoa! Mwaka 1969 watafiti Ffowcs Williams na Hawkings wakaipanua kazi ya Lighthill ihusu nyuso zinazotembea, kama mapanga hayo, na programu nyingi za leo hukokotoa hewa iliyo karibu na injini tu, kisha mlinganyo wao huifikisha sauti kwa msikilizaji.

Sisemi kompyuta haina kazi. Tazama ukingo wa nyuma wa kifuniko cha injini ya Boeing 787, umekatwa meno kama msumeno ili hewa ya feni ichanganyike vizuri na hewa ya nje. Meno yakiinama mno, mngurumo mzito hupungua lakini sauti kali huongezeka. Kupata kipimo cha katikati kwa kalamu peke yake ni vigumu mno.

Ninachowataka walimu wafanye ni hiki: mwanafunzi akileta modeli yake ya kompyuta ya gesi inayochomoka nyuma ya injini, wasiitazame picha kwanza. Wamwambie aongeze kasi ya gesi hatua kwa hatua, chini ya kasi ya sauti, achore nguvu ya kelele dhidi ya kasi. Kelele isipokaribia kufuata kipeo cha nane cha kasi, arudi akatafute kosa.